Zidisha kwanza, wastani baadaye: nguvu ya papo hapo katika mkondo geu

Malalamiko tunayopokea kuhusu mita siku hizi huja na hesabu kabisa, nasi tunashukuru. Lakini nyingi huzidisha volti kwa ampea kwa kosaini ya pembe kati ya volteji na mkondo, kisha mita ikaambiwa inaiba. Kanuni hiyo inafaa pale tu mkondo na volteji vyote vinapokuwa mawimbi safi ya saini. Chaja, taa za LED na kompyuta nyingi hazivuti umeme hivyo.

Chukua kifaa chenye daraja la dayodi (linalogeuza mkondo geu uende upande mmoja) na kapasita inayohifadhi chaji, kwenye volti 230, hezi 50. Dayodi hupitisha umeme pale tu volteji ya njia inapoizidi ile ya kapasita, yaani karibu na kilele. Kwa urahisi wa hesabu, mkondo uwe ampea 2 kwa milisekunde 3, katikati ya kila nusu wimbi ya milisekunde 10; kwingineko sifuri. Nguvu ya papo hapo ni volteji mara mkondo wa wakati uleule. Kileleni, volteji ikiwa 325, ni 325 × 2, wati 650. Milisekunde 2 baadaye ni sifuri, ingawa volteji bado inazidi 260.

Ndani ya mpigo huo volteji ina wastani wa 313 hivi. Nishati ni 313 × 2 × 0.003, karibu jouli 1.88. Gawa kwa sekunde 0.01: wati 188.

Kipeuo cha pili cha wastani wa miraba ya mkondo huo (RMS, thamani ambayo kanuni ya volti mara ampea hutumia) ni ampea 1.095. Mara 230 ni 252, na kwa kuwa pembe ni sifuri, kanuni ya shuleni itadai wati 252. Wati hizo hazipo, na mita haikuzihesabu. Mita ya kubana (ile inayoshika waya kupima mkondo) isiyopima RMS halisi itakuonyesha ampea 0.67 tu, na hapo mjadala unaharibika zaidi.

Ukituletea vipimo, volteji na mkondo visomwe kwa pamoja, si kimoja baada ya kingine. Sampuli, yaani vipimo vya kila papo, zizidishwe moja moja, wastani uchukuliwe kwa mizunguko kamili, na kifaa kilichotumika kitajwe pamoja na tarehe ya kuhakikiwa kwake. Bila hayo jalada hurudishwa. Nguvu ikitokea hasi kwa muda mfupi msiifute. Ni nishati inayorudi kwenye chanzo, nayo huingia katika wastani. Lakiri ya mita msiiguse, hata kwa nia ya kupima tu. Ombeni mpimaji aje.