Hedifoni za Safari Ndefu, na Sikio Linalosubirishwa Bure

Kliniki ya masikio hapa Dar es Salaam haikosi msafiri aliyetua karibuni. Hedifoni ni mpya, ya bei, na sikio moja halisikii. Ukimuuliza lilianza lini, anajibu bila wasiwasi: "Wiki tatu hivi, daktari. Nilijua litazibuka." Majibu haya nimeyaandika kwa ajili yake.

Hedifoni za kukata kelele zinafanyaje kazi?

Zina maikrofoni ndogo zinazonasa mngurumo wa nje, kisha hutoa wimbi la sauti lililo kinyume chake, na mawimbi hayo mawili yanafutana. Mngurumo mzito wa injini huupunguza sana. Kilio cha mtoto wa kiti cha nyuma utaendelea kukisikia.

Kwani kelele ya ndege inadhuru?

Ndani ya ndege iliyo angani kelele huwa kama desibeli 80 hadi 85. Hiyo peke yake, kwa kawaida, inachosha tu. Madhara unayaleta wewe unapopandisha muziki ili uishinde injini. Kipimo kinachotumika kulinda wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu. Zikifika 100, ni dakika 15 tu. Filamu ya saa mbili kwa sauti hiyo ni mara nane ya kiwango cha siku nzima, na chembe za sikio la ndani zikifa hazioti tena. Hedifoni ya kukata kelele inanunuliwa ili ushushe sauti. Ukinunua halafu ukasikiliza kwa sauti ileile ya kwenye daladala, fedha yako imepotea, na masikio yanafuata.

Nichague ipi?

Inayoziba vizuri. Inayofunika sikio lote inafaa wengi, ila mikono ya miwani huacha upenyo. Kwa anayevaa hijabu, au asiyependa kubanwa kichwa, za kuchomeka sikioni ni nafuu zaidi. Jaribu mipira yote inayokuja nazo, kwa sababu sikio la kulia na la kushoto si lazima yalingane. Angalia pia betri: nyingi za kuchomeka huisha chaji kabla ya safari ya usiku kucha kwenda Guangzhou kumalizika. Ukinunua Kariakoo, usiamini maandishi ya boksi. Simama karibu na jenereta, washa swichi ya kukata kelele. Mngurumo usiposhuka, mrudishie mwenye duka.

Kama sikio linatoa usaha, usichomeke chochote. Tibiwa kwanza.

Zinazuia masikio kuuma ndege ikishuka?

Hapana. Hayo ni mabadiliko ya shinikizo la hewa. Meza mate, tafuna bazoka, piga miayo, na usiwe usingizini ndege inaposhuka. Mtoto mchanga mnyonyeshe. Ukiwa na mafua makali, muone daktari kabla ya kuruka.

Nimetua, sikio moja halisikii. Si litazibuka lenyewe?

Masikio yote mawili yakiwa mazito kidogo, mara nyingi hufunguka baada ya saa chache au siku moja. Lakini weka simu sikio la kulia, kisha la kushoto. Upande mmoja ukiwa umefifia ghafla, usisubiri. Huenda ni mshipa wa fahamu wa sikio, wala si hewa ya ndege, na kwa macho huwezi kutofautisha. Hata mimi sitofautishi bila vipimo.

Nikidondoshea mafuta ya nazi ya uvuguvugu?

Hapana. Mafuta hayafiki kwenye mshipa wa fahamu, na kama ngoma ya sikio imetoboka umejiongezea ugonjwa.

Vijiti vya pamba je?

Hapana. Vinasukuma nta ndani. Tafadhali, hapana.

Matone ya duka la dawa, nikisubiri wiki moja nione?

Hapana, na wiki hiyo ndiyo inayowaponza watu. Usikivu uliopotea ghafla hutibiwa kwa dawa za jamii ya steroidi, na zinasaidia zaidi zikianza mapema, ndani ya wiki mbili za mwanzo. Anayekuja wiki ya tatu nampima, namwandikia, lakini matumaini ya kumrudishia alichokuwa nacho yamepungua sana.

Nimetua Ijumaa usiku. Nisubiri Jumatatu?

Nenda Jumamosi asubuhi, dharura ya hospitali yoyote yenye daktari wa masikio, pua na koo. Usiseme "sikio limeziba", utapewa matone urudi nyumbani. Sema "nimeacha kusikia ghafla upande mmoja", taja siku na saa, kisha omba upimwe usikivu. Kama una kisukari, mwambie daktari kabla hajaandika dawa, maana steroidi hupandisha sukari.