Wagonjwa wengi wanatumia maji ya dawa: je, klorini haifanyi kazi?

Maswali haya huulizwa na mareko, wahudumu wa afya wa mtaa hapa Goma, wanapopita nyumba kwa nyumba kuandika waliohara. Namba zilizomo ni za zoezi tu, si takwimu za kartie (mtaa) yoyote.

Kati ya wagonjwa 55 niliowaandika, 30 wanatia klorini ndani ya bidoni (jerikeni). Niwaambie watu dawa haina kazi?

Hapana, bado. Daftari lako lina wagonjwa peke yao. Rudi avenyu ileile uulize na wazima, kisha panga wote kwenye jedwali la pande mbili:

| | Aliugua | Hakuugua | Jumla |
|---|---|---|---|
| Maji yenye klorini | 30 | 270 | 300 |
| Maji ya ziwa bila dawa | 25 | 75 | 100 |
| Jumla | 55 | 345 | 400 |

Sasa gawanya kwa jumla ya mstari. Wenye klorini: 30 ÷ 300 = 10%. Wasiotumia: 25 ÷ 100 = 25%. Hatari ya kuugua kwa asiyetia dawa ni mara mbili na nusu ya ile ya anayetia. Wagonjwa wenye klorini ni wengi kwa sababu wanaotumia klorini ni wengi, basi. Goma haijasahau mwezi wa saba wa 1994, kipindupindu kilipoua maelfu kwa maelfu ya wakimbizi. Kuwavunja watu moyo wasitie dawa kwa sababu ya hesabu iliyogawanywa vibaya ni hatari kubwa.

Lakini 30 ÷ 55 ni 55%. Hiyo ni uongo?

Si uongo, ila inajibu swali lingine. Asilimia yenye sharti huanza na neno "kati ya", na kundi linalofuata neno hilo ndilo unalogawanyia. *Kati ya waliougua*, 55% walitumia klorini: hapo umegawanya kwa jumla ya safu ya kusimama. *Kati ya waliotumia klorini*, 10% waliugua: umegawanya kwa jumla ya mstari wa kulala. Na ukigawanya kwa 400, yaani 30 ÷ 400 = 7.5%, umepata, kati ya watu wote 400, sehemu ya waliotumia dawa na pia wakaugua. Hiyo haikuambii dawa inakinga au la.

Ukitaka kujua kama kitu kinakinga, gawanya kwa waliokitumia, kisha ulinganishe na wasiokitumia. Asilimia moja ikisimama peke yake haitoshi. Muuguzi wa kituo naye anaweza kuihitaji ile 55%, ajue wagonjwa wake watoka wapi, lakini aandikiwe sentensi nzima, si "55%" tupu.

Nikiandika wagonjwa 50 kituoni na kuchagua wazima 50 mtaani, ninaweza kufanya hesabu hiyohiyo?

Hapana. Hapo wewe ndiye uliyeamua nusu wawe wagonjwa, kwa hiyo asilimia ya mstari haioneshi hatari ya kuugua. Unaweza kulinganisha safu tu: kati ya wagonjwa wangapi walitumia dawa, na kati ya wazima wangapi.

Makosa mengi hutokea wapi?

Kwenye kujaza, kuliko kwenye kugawanya. Mama anajibu "ndiyo, natia dawa" kwa sababu bidoni ya lita 20 ilitiwa klorini pale ziwani. Lakini alikunywa kabla ya dakika 30 kwisha, au maji yamekaa siku kadhaa kwenye bidoni chafu na klorini imeisha. Ukimweka mstari wa kwanza, tofauti kati ya mistari inapungua, na dawa inaonekana dhaifu kuliko ilivyo. Ukiwa na kipimo cha klorini cha vidonge vya DPD, pima maji ya kunywa yaliyomo nyumbani: yakigeuka rangi ya waridi, klorini ipo, yakibaki meupe, haipo. Aliyejibu "sijui" mwandike pembeni, usimgawe kwa kukisia. Halafu jumlisha mistari, jumlisha safu. Zote zifike 400.

Uliza pia kuhusu choo na sabuni. Huenda wasiotia dawa ndio wasio na choo, na sehemu ya ile 25% inatoka huko. Tengeneza jedwali moja la wenye choo na jingine la wasio nacho. Tofauti ikibaki katika yote mawili, dai lako lina nguvu zaidi.

Nikiwa na watu wachache?

Watu 4 kwenye mstari, 2 wameugua: usiandike 50%, andika "2 kati ya 4". Mgonjwa mmoja zaidi angeifanya 75%. Na anayehara maji kama ya mchele hangoji jedwali lijae: mpe SRO (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), pakiti moja ndani ya lita moja ya maji safi, na umfikishe kituoni mara moja, akiendelea kunywa njiani.