Jeonju: ukienda mtaa wa zamani, lala humo humo

Watu wengi wanaoniandikia kuhusu safari ya Korea Kusini wanataja Seoul na Busan, basi. Kazi yangu ni kutembeza wageni kwenye miji ya zamani ya huko, na kila nikipata upenyo kwenye ratiba ya mtu naichomeka Jeonju, alafu tunaanza kubishana jambo moja: yeye anataka aende asubuhi arudi Seoul jioni, mimi nataka alale. Ubishi huo siuachi, na leo naeleza kwa nini.

Jeonju iko kusini magharibi mwa nchi, mkoa wa Jeonbuk, uliokuwa ukiitwa Jeolla Kaskazini hadi 2024. Treni ya mwendo kasi, KTX, kutoka stesheni ya Yongsan, Seoul, inachukua kama saa moja na nusu hadi mbili hivi, ndo maana watu wanaona ni safari ya kwenda na kurudi. Shida ni kwamba wote wanafika muda mmoja. Kuanzia saa 5 asubuhi hadi jioni barabara ya Taejo-ro, katikati ya mtaa wa zamani, inajaa vijana waliokodi hanbok (mavazi ya jadi ya Kikorea), mishikaki, aiskrimu, foleni za picha, na mtu akitoka hapo anakwambia Jeonju ni maduka tu. Simlaumu, kwa muda aliokuwepo aliona maduka. Lakini zile nyumba mia saba na kitu zilizopangana vigae vyeusi juu zilijengwa watu waishi ndani, na utazielewa ukiwa ndani, usiku na alfajiri.

Nyumba zenyewe, hanok, watu wanadhani ni za enzi za wafalme. Nyingi ni za miaka ya 1930 hivi, na sababu yake inanigusa kila nikiisimulia. Wajapani, waliokuja kuitawala Korea, walipoanza kuingia Jeonju waliwekwa nje ya ukuta wa mji, upande wa magharibi, alafu ukuta ukabomolewa na wafanyabiashara wao wakasogea ndani, maduka yakashika katikati ya mji. Wakorea wa pale wakajikusanya upande wa mashariki, Pungnam-dong na Gyo-dong, wakajenga nyumba za kwao kwa mtindo wa kwao, mbao, udongo, karatasi na vigae, wakati mji mzima unabadilishwa sura mbele ya macho yao. Kwahiyo ukipita kwenye vichochoro vile unapita kwenye msimamo wa watu. Ulinzi rasmi wa eneo ulikuja miaka ya 1970.

Sasa kulala. Chumba cha hanok hakina kitanda. Unakuta sakafu imepambwa kwa karatasi iliyopakwa mafuta au kitu kinachofanana nayo, godoro jembamba linaitwa yo limekunjwa pembeni, unalitandika mwenyewe usiku na asubuhi unalikunja. Joto linatoka chini, mfumo wao unaitwa ondol: zamani moshi na moto wa jikoni ulipitishwa kwenye njia chini ya mawe ya sakafu, siku hizi ni mabomba ya maji ya moto, lakini raha ni ile ile, mgongo una joto na pua ina ubaridi. Kwa mtu aliyekulia nchi ya joto nasema chagua Novemba au Februari, ndo miezi utaielewa sakafu ile kabisa. Kama una tatizo la mgongo au unasafiri na mzee omba godoro la ziada mapema, wenyeji wengi wanaongeza bila kinyongo, na hanok kadhaa zimeshaanza kuweka vitanda.

Ukitaka nyumba yenye historia nzito iko Hakindang, ilijengwa 1908, ina bustani na ukumbi mpana wa mbao ambao uliwekwa makusudi pansori iweze kuimbwa ndani (pansori ni ule uimbaji wa mtu mmoja na mpiga ngoma mmoja, hadithi inaweza kwenda saa kadhaa, na Jeolla ndo nyumbani kwake). Kim Gu, kiongozi wa harakati za uhuru, alilala pale na chumba kina jina lake mpaka leo. Lakini sio lazima uende nyumba kubwa. Mimi wageni wangu nawapeleka zaidi kwenye zile ndogo za familia, vyumba vitatu vinne vinazunguka ua, mama mwenye nyumba yupo, viatu vinaachwa kwenye jiwe la mlangoni. Cha kuangalia wakati wa kubuki ni vitu viwili: choo na bafu viwe ndani ya chumba chako, na nyumba iwe nyuma ya Eunhaeng-ro au upande wa Hyanggyo, shule ya zamani ya Kikonfusio, sio kwenye Taejo-ro. Alafu sauti. Kuta ni nyembamba na milango ni ya fremu za mbao na karatasi, ukikohoa jirani anajua, kwahiyo baada ya saa 3 usiku watu wanaongea chini chini na wewe ongea chini chini, kuna wazee wanaoishi nyumba ya pili na hawakuja kutalii.

Asubuhi amka mapema. Saa 12 na nusu mpaka saa 2 hivi mtaa ni wako. Anzia kilima cha Omokdae, ngazi sio nyingi, juu kuna banda la mbao ambapo Yi Seong-gye alisimama na jeshi lake mwaka 1380 kusherehekea ushindi dhidi ya maharamia wa Kijapani, miaka kumi na mbili baadae akaanzisha ufalme wa Joseon. Ukoo wake asili yake ni Jeonju, ndo maana mji huu una uzito ambao wageni hawaujui. Kabla hujafika juu kabisa kuna sehemu mapaa yote yanaonekana kwa chini, kimoja kimegusa kingine, na jua la asubuhi linapita juu ya vigae, piga picha zako pale alafu kaa kidogo. Ukivuka daraja la watembea kwa miguu unafika Jaman, mtaa wa mlimani ambao wakimbizi wa vita vya Korea walijenga vijumba, leo kuta zimechorwa picha. Nenda ila usiingize kichwa kwenye madirisha ya watu.

Kifungua kinywa ni kongnamul gukbap, na hapa sitaki ukale mkate hotelini. Ni supu ya machipukizi ya soya na wali ndani yake, chakula cha watu wa sokoni na cha walioamka na kichwa kizito. Kuna namna mbili na wenyeji wanabishana kama mashabiki wa Simba na Yanga. Ya kwanza ni ya soko la Nambu: mpishi anamwagia wali supu ya moto, anaichuja, anamwagia tena, mpaka wali unapata joto lile lile la supu bila kuchemka, na yai linakuja pembeni kwenye kibakuli, limeiva nusu, unaweka vijiko vya supu na mwani uliovunjwa vunjwa ulile kwanza. Ya pili inachemka kwenye chungu na yai linapasuliwa humo humo, Sambaekjip ndo mgahawa unaotajwa sana. Mimi niko upande wa soko, supu inabaki nyepesi na machipukizi yanalia mdomoni. Bei ni ya chini ukilinganisha na vingine vyote nitakavyotaja.

Kwa wasomaji Waislamu, hili tulieni nalo: sokoni hapo hapo kuna sundae gukbap, jina linakaribiana na mabakuli yanafanana, ile ni ya utumbo na damu ya nguruwe. Soma neno la kwanza kwenye ubao. Ile ya machipukizi mara nyingi mchuzi wake ni wa dagaa na mwani na huwekwa ngisi, lakini uliza kila mahali maana kuna wanaotia nyama, na sentensi ya kusema ni "gogi ppae juseyo", yani toa nyama tafadhali. Na ukiletewa kinywaji cha kahawia chenye mdalasini, moju, kimechemshwa ila asili yake ni pombe ya mchele na kilevi kidogo kinabaki.

Baada ya hapo rudi mtaa wa zamani, kwenye kihekalu cha kifalme cha Gyeonggijeon, kikifunguliwa tu. Kilijengwa 1410 kutunza picha ya yule yule Yi Seong-gye, watu wanaingia wanapiga picha kwenye mianzi wanatoka. Naomba usitoke. Tafuta jengo dogo limeinuliwa juu ya nguzo, ni ghala la kumbukumbu. Joseon walikuwa wanaandika historia ya kila mfalme na kuweka nakala sehemu nne tofauti. Mwaka 1592 Wajapani walipovamia, nakala tatu ziliungua, ya Jeonju peke yake ikapona, kwasababu wasomi wawili wa huku, An Ui na Son Hong-rok, walibeba masanduku mpaka milima ya Naejang wakayalinda. Karibu miaka mia mbili ya mwanzo ya ufalme ule tunaijua kwa sababu ya jengo lile na watu wale. Nikiwa na kikundi huwa naomba kila mtu anyamaze dakika moja pale, na sijawahi kuona mtu amechoka.

Ng'ambo ya barabara kuna kanisa la Jeondong, matofali mekundu na kijivu, ujenzi ulianza 1908, na msingi wake una mawe ya ule ukuta wa mji uliobomolewa. Eneo lile Yun Ji-chung na Kwon Sang-yeon waliuawa 1791 kwa imani yao ya Kikatoliki, Papa Francis aliwatangaza wenye heri 2014. Lango la Pungnammun, ndo pekee lililobaki kati ya manne, liko hatua chache kutoka hapo, na wakulima waasi wa harakati ya Donghak waliutwaa mji huu 1894.

Mchana bibimbap, sawa, umekuja Jeonju. Wali wa hapa kwa kawaida unapikwa na mchuzi wa mifupa ya ng'ombe, kuna jeli ya manjano ya choroko inaitwa hwangpomuk, machipukizi, mboga za kila rangi, nyama mbichi ya ng'ombe ukipenda, bakuli la shaba. Changanya kwa vijiti, ukikandamiza kwa kijiko wali unasagika. Ni ghali kidogo, na kwa ukweli wangu sidhani ndo chakula bora cha mji. UNESCO waliiweka Jeonju kwenye miji ya upishi 2012 na ukitaka kujua kwa nini nenda jioni mtaa wa Samcheon-dong, unaagiza birika la makgeolli (pombe ya mchele) na meza inajazwa sahani bila kuagiza, birika la pili sahani zinazidi kunoga. Usiyekunywa, tafuta hanjeongsik, wali na vitoweo visivyohesabika. Mkate wa chokoleti wa bekari ya PNB nunua wa njiani.

Matembezi ya jioni fanya upande wa mto. Shuka kutoka Hyanggyo, ile shule ya zamani, yenye miti ya ginkgo ya karne kadhaa ambayo Novemba inageuka manjano na ua wote unafunikwa, fuata maji mpaka Hanbyeokdang, kibanda cha mwaka 1404 kilichokaa kwenye mwamba, chini yake kuna handaki la reli ya zamani unaweza kupita kwa mguu. Mabasi ya watalii yakishaondoka huku hakuna mtu.

Kuhusu tarehe: epuka Jumamosi kama unaweza, japo soko la usiku la Nambu ni Ijumaa na Jumamosi tu, kwahiyo mi nawapangia watu Ijumaa, walale, waondoke Jumamosi kabla ya mchana. Mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei kuna tamasha la filamu, vyumba vinaisha wiki nyingi kabla. Stesheni ya treni iko mbali na mtaa, chukua teksi, na ukikuta KTX imejaa basi za Seoul zinatoka stendi mara kwa mara mpaka usiku, ni karibu saa tatu njiani na viti ni vipana.