Mapadre wa Minara Miwili na kamusi yao

Ukija Unguja kwa boti, minara miwili ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu unaiona kabla hujatia mguu bandarini. Sisi wa mjini tunaliita Minara Miwili tu. Wageni hulichanganya na lile la Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, lakini lile ni la Waanglikana. Hili la Wakatoliki lilijengwa miaka ya 1890 na Mapadre wa Roho Mtakatifu, na Zanzibar ilipofanywa jimbo mwaka 1980, askofu wa kwanza, Bernard Ngaviliau, alitoka katika shirika hilohilo. Aliyemfuata, Augustine Shao, pia.

Kazi yangu ni lahaja za Kiswahili. Mapadre hawa nimewajua kwa maneno yao.

Shirika lilianzia Paris mwaka 1703, Claude Poullart des Places alipowakusanya wanafunzi maskini waliotaka upadre. Mwaka 1848 likaungana na lile la François Libermann, mtoto wa rabi wa Kiyahudi wa Alsace. Libermann aliwaandikia wamisionari wake wa Afrika wavue Uzungu wao, mila na fikra zake, wawe kama wenyeji wanaowaendea.

Unguja waliingia mwaka 1863, enzi ya Sayyid Majid, wakiongozwa na Padre Antoine Horner. Walipokea kazi iliyoanzishwa mwishoni mwa 1860 na mapadre na masista waliotoka Réunion: kutibu wagonjwa, kufundisha ufundi, kulea watoto walionunuliwa sokoni ili waachwe huru. Mwaka 1868 wakavuka kwenda Bagamoyo na huko wakajenga kijiji cha waliokombolewa. Nawaheshimu kwa hilo, ila sipiti bila kusema kwamba mtoto yule hakuulizwa anataka dini gani wala kazi gani. Alitoka mnadani akaingia katika maisha ya kengele, sala na jembe, yote yamekwisha kupangwa na wengine.

Wasia wa Libermann mimi nauona zaidi kwa Padre Charles Sacleux, aliyefika mwaka 1879. Huyu alisikiliza. Akakusanya mimea na majina yake, akaandika Kiswahili kama kilivyosemwa, kila kisiwa na mji kwa lafudhi yake. Mwaka 1891 akatoa kamusi ya Kifaransa kwa Kiswahili. Ile kubwa, ya Kiswahili kwa Kifaransa, ilianza kutoka Paris mwaka 1939, mwenyewe ameshapita miaka 80. Humo neno la Mvita, yaani Mombasa, halikulazimishwa kuwa la Unguja. Kila moja limeandikwa linakotoka.

Neno la bibi yangu wa Makunduchi likinitatiza, kwanza nawauliza wazee, kisha namfungua Sacleux. Maelezo yake ni ya Kifaransa, ndiyo maana wanafunzi wetu wengi hawamgusi. Mimi Kifaransa nilijifunza kwa ajili yake.