Mwenza yuko Kanada, kibali chako kimekataliwa: kabla hujatuma ombi la pili

Mtu akishapata barua ya kukataliwa huwa na wazo moja tu: kutuma tena, leo hii. Faili lile lile, picha za harusi zikiongezwa, barua ya mwajiri ikigongwa mhuri mpya. Sheria ya Kanada haimkatazi. Kwa kawaida, aliyenyimwa kibali cha kazi cha mwenza anaruhusiwa kuomba tena hata kesho yake. Shida ni kwamba ofisa wa pili atauona uamuzi wa mwenzake, na kama hakuna kilichobadilika, naye ataishia pale pale.

Mimi ni wakili hapa Dodoma. Ombi lenyewe siliwasilishi, kwa sababu anayelipwa kumwakilisha mwombaji lazima awe na leseni inayotambuliwa na Kanada, na hao vishoka wa "nina mtu wangu ubalozini" hawana leseni wala huyo mtu. Kazi yangu ni ya upande wa huku: viapo, vyeti, majina yanayopishana kati ya NIDA na pasipoti. Ila siandiki kiapo kabla sijajua ofisa alikwama wapi.

Barua ya kukataliwa peke yake haikuambii hilo. Ina sentensi za kunakili, kama ile ya kwamba ofisa hakuridhika kuwa utaondoka Kanada muda wako ukiisha. Sababu yenyewe iko kwenye maelezo aliyoandika ndani ya mfumo. Tangu mwishoni mwa Julai 2025, IRCC, yaani idara ya uhamiaji ya Kanada, imeanza kuambatisha maelezo hayo kwenye baadhi ya barua, kwa hiyo fungua kurasa zote kabla ya kulalamika. Kama hayapo, mwenza aliye kule anaweza kuyaomba chini ya sheria yao ya upatikanaji wa taarifa, kwa ridhaa yako ya maandishi na ada ya dola 5 za Kanada. Yasubiri. Mara nyingi ni mistari michache tu, lakini ndiyo mistari unayotakiwa kuijibu.

Sasa tuje kwenye jambo linalowaangusha watu bila wao kujua. Tangu tarehe 21 Januari 2025 masharti yamebanwa: mwenza wa mfanyakazi anafikiriwa iwapo kazi ya yule aliye Kanada iko kwenye daraja la TEER 0 au 1 (TEER ni ngazi ambazo Kanada hupangia kazi kwa elimu, mafunzo na uzoefu unaohitajika, 0 na 1 zikiwa za juu), au ni mojawapo ya kazi zilizochaguliwa za TEER 2 na 3, na kibali chake kina angalau miezi 16 iliyobaki ombi linapopokelewa. Chukua mume mwalimu wa sekondari hapa Dodoma ambaye mkewe ni muuguzi aliyesajiliwa kule. Daraja halina tatizo, ni TEER 1. Kibali cha mke ni cha miezi 24. Mume aliomba kikiwa kimebaki miezi 19, jibu la kumkatalia likaja baada ya miezi minne. Imebaki 15. Hata akijibu kila hoja ya ofisa kwa ufasaha, ombi la pili limekufa kabla halijasomwa. Hapo anayetakiwa kuhangaika kwanza ni mke, aongezewe muda wa kibali chake, ndipo mume atume. (Wapo wasiobanwa na miezi hiyo, kwa mfano ambao mwenza wao yuko mbioni kupata ukaazi wa kudumu. Hao wana njia yao.)

La ndoa ni refu kidogo, na huku kwetu ndiko linakolala. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa ya kimila, na kifungu cha 160 kinawadhania kuwa wanandoa watu walioishi pamoja miaka miwili au zaidi wakijulikana hivyo. Ng'ombe wa mahari wametoka, wazee wamekaa, watoto wamezaliwa, cheti hakuna. Safari inapokuja ndipo watu wanakimbilia kufunga ndoa ya serikali. Matokeo yake: fomu inasema ndoa ni ya 2017, cheti kinasema 2024, na ofisa anaandika kwamba uhusiano una mashaka. Usiifiche tofauti hiyo wala usiirekebishe kimyakimya kwenye ombi la pili. Ieleze. Kanada nayo inawatambua wenza wasio na cheti walioishi pamoja mfululizo angalau mwaka mmoja, kwa hiyo miaka ya kabla ya cheti ina thamani ikiwa na ushahidi: vyeti vya kuzaliwa vya watoto vyenye majina yenu wote wawili, mwenza kuandikishwa kama tegemezi wako NHIF, mkataba wa pango, miamala ya M-Pesa ya kila mwezi. Hati hizo ni nzito kuliko albamu nzima ya harusi. Barua ya mtendaji wa mtaa inafaa pia, ila ikiwa ya Kiswahili itafsiriwe na mtu asiye ndugu yenu, pamoja na kiapo cha mfasiri.

Kuhusu ile hoja ya "hutarudi", watu wanajibu kwa kuapa kwamba hawataki kabisa kubaki Kanada, huku mke ameshaanza kuulizia ukaazi. Hakuna haja. Sheria yao, kifungu cha 22(2), inasema nia ya kuhamia haimzuii mtu kuingia kwa muda, mradi ofisa aridhike kwamba ataondoka kibali kikiisha. Onyesha ajira yako, kiwanja, wazazi unaowatunza, kisha nyamaza.

Fomu itakuuliza kama umewahi kukataliwa. Jibu ni ndiyo, na tarehe yake. Kudanganya hapo kunaweza kukufungia mlango kwa miaka 5, jambo baya kuliko kukataliwa mara ya pili.

Kama unaona ofisa aliupuuza ushahidi uliokuwa mbele yake, kuna Mahakama ya Shirikisho ya Kanada. Kwa uamuzi uliotolewa nje ya nchi hiyo una siku 60, na wakili lazima awe wa kule. Mahakama haikupi kibali. Ukishinda, faili linarudishwa kwa ofisa mwingine. Mwenye nyaraka mpya, kwangu mimi, aombe upya.

Alama za vidole hudumu miaka 10, kwa hiyo kama ulishazitoa Dar, hutalipa tena dola 85 wala nauli ya SGR. Vipimo vya afya ni vya miezi 12, vihesabu. Na utazame pasipoti yako inaisha lini, maana kibali hakitolewi kupita tarehe hiyo.