Sauti Ikichelewa, Usinirudishie Hedfoni

Wiki iliyopita aliingia dukani mzee mmoja mstaafu, mteja wangu wa siku nyingi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku mkono uko ndani ya mfuko. Akatoa hedfoni za Bluetooth, akaziweka juu ya meza karibu na pasi yangu ya kuchomelea. "Fundi, na hizi nazo feki." Zilikuwa za tatu. Mzee anatazama TV usiku, chumba cha mjukuu kimepakana na sebule, spika haziwezekani. Kinachomkera ni kwamba mtangazaji wa taarifa ya habari ya saa mbili anafunga mdomo, halafu neno ndiyo linafika.

Hedfoni zile zilikuwa nzima. Na zile mbili za mwanzo zilikuwa nzima pia.

Nimechoka na maneno haya. Kila mwezi kuna mtu ananiambia sauti ikichelewa kwenye TV hedfoni ni feki, na dawa yake ni kununua za bei kubwa zaidi. Ananunua, zinachelewa vilevile, anarudi na hasira mara mbili.

TV hairushi sauti kama ilivyo. Inaibana kwa kodeki, yaani utaratibu wa kuibana sauti na kuifungua tena, inaikata vipande, inavirusha. Hedfoni nazo hazichezi kipande kikifika tu, zinakusanya akiba kwanza ili kimoja kikipotea njiani sauti isikatike. Ni daladala kituoni, haiondoki mpaka ipate abiria. Kwa SBC, kodeki ambayo kila hedfoni ya Bluetooth ya kawaida inayo, shughuli yote huchukua kama milisekunde 150 hadi 250. Umbali hauhusiki kabisa, kwa hiyo kuvuta kochi karibu na TV ni kujichosha bure.

Unaona ni kidogo? Umewahi kumwona mtu anapasua kuni ng'ambo ya uwanja wa mpira, shoka limeshatua, ndipo unasikia mlio? Hewani sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde. Milisekunde 200 ni sawa na kumtazama mtu aliye karibu mita 70. TV iko hatua nne mbele yako, masikio yanaambiwa iko golini upande wa pili. Shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, lilitoa pendekezo kuhusu jambo hili mwaka 1998: mtazamaji huanza kugundua sauti iliyochelewa ikifika milisekunde 125, na ikipita 185 haivumiliki. Bluetooth ya kawaida inacheza humohumo. Anayetazama tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili hatagundua chochote, midomo haikulingana tangu mwanzo. Ndiyo maana malalamiko yananijia kwa watu wa taarifa ya habari na wa mpira.

Mzee akanishika hapo. "Mbona kwenye simu hazichelewi?" Akafungua video ya mahubiri, akaniwekea hedfoni masikioni mwenyewe. Kweli, mdomo na neno vinakwenda pamoja. Simu inajua sauti itachelewa kwa kiasi gani, kwa hiyo inaizuia picha iisubiri. Video imehifadhiwa, hakuna haraka. TV nyingi hazifanyi hivyo kwa picha inayotoka kwenye king'amuzi, zinaionyesha ikifika tu.

Hapo ndipo watu wanapokimbilia ile sehemu ya mipangilio ya kulinganisha sauti na picha, wanapandisha namba mpaka mwisho. Kwenye TV nyingi namba ile inachelewesha sauti. Wewe sauti yako imeshachelewa, unaiongezea tena? Irudishe sifuri. Na kama umewasha hali ya michezo ya kompyuta, izime: inaharakisha picha, kwa hiyo inalikuza pengo unalolilalamikia.

Usidanganywe na namba ya toleo kwenye boksi pia. Bluetooth 5.0, 5.3, sijui ngapi. Kupanda kwa toleo peke yake hakuondoi ucheleweshaji, maana sauti ya TV nyingi bado inapita kwenye njia ileile ya zamani na SBC ileile. Kinachosaidia ni kodeki ya haraka, mfano aptX Low Latency, ambayo inashuka hadi kama milisekunde 40, lakini iwepo pande zote mbili. Ikiwepo kwenye hedfoni na TV haina, wanarudi kuongea SBC na pesa yako imekwenda.

Mimi ukiniuliza, kwa TV ya nyumbani achana na Bluetooth. Chukua hedfoni za mawimbi ya redio zenye kituo chake, kile unachokichomeka nyuma ya TV na kuziegesha hapo zikichaji. Zile za analogia hazibani sauti wala hazikusanyi akiba, kwa hiyo mdomo na neno vinakutana. Zinapita ukuta, unaweza kwenda jikoni nazo. Ubaya wake ni ule mchacharito mdogo nyuma ya sauti, hasa ukienda mbali. Ukipata za mtumba kutoka Marekani, soma adapta kabla ya kuchomeka: kama imeandikwa 120 V peke yake, umeme wetu wa 230 V utaiunguza palepale. Nimeshanusa moshi huo.

Mengine nitayapitia haraka.

"TV yangu haina Bluetooth, kwa hiyo siwezi." Unaweza, kwa transmita, kile kidude unachokichomeka kwenye TV kikarusha sauti hadi kwenye hedfoni. Tundu la hedfoni linatosha, au zile soketi nyekundu na nyeupe, za TV au za king'amuzi. Kama TV ina lile tundu lenye taa nyekundu ndani, tafuta transmita inayolipokea. Ukichomeka halafu kimya, usiniletee. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, toa Dolby, weka PCM, yaani sauti isiyobanwa.

"Nikivaa mimi, wengine hawasikii." Inategemea TV. Nyingi zinazima spika ukichomeka waya, lakini baadhi zina chaguo la kuacha vyote viwili. Kama king'amuzi kimeunganishwa na TV kwa waya wa HDMI, soketi zake nyekundu na nyeupe hazigusi spika kabisa, bibi atasikiliza kwa hedfoni na nyumba itasikiliza kama kawaida.

"Mionzi inachoma ubongo." Hedfoni nyingi za Bluetooth zinarusha mawimbi kwa milliwati 2.5 au chini yake. Simu ya 2G uliyoibana sikioni miaka yote ile ilikuwa inaweza kufika wati 2 ikitafuta mnara. Fanya hesabu mwenyewe.

Cha kuogopa ni sauti yenyewe, na hapo hakuna anayeniuliza. Shirika la Afya Duniani na ITU wanaweka mpaka wa mtu mzima kwenye desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, mtoto 75. Ukiongeza desibeli 3 tu, muda unakatika nusu. Mzee wangu alikuwa amepandisha mpaka mwisho, nilizisikia nikiwa ng'ambo ya meza.

Ameondoka na seti ya mawimbi ya redio. Juzi kapiga simu: mdomo na neno sawasawa, ila betri zimekwisha, na mjukuu kamnunulia mpya dukani kwa Mangi. Nikamwambia azitoe betri hizo kabla hajaziegesha hedfoni. Ndani ya zile hedfoni zinakaa betri ndogo za AAA za kuchaji, aina ya NiMH. Ukiweka za kawaida kituo kinazichaji hivyohivyo, zinapata moto na kuvuja, na ile dawa inakula chuma chote cha mguso. Kazi ya kuusafisha ni ya nusu siku, na ninailipisha.