Kazi ya Viambishi: Dhana Potofu Kuhusu Lugha ya Kushawishi

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa ataje mbinu za lugha ya kushawishi, atazitaja bila kusita: takriri, swali la balagha, tashbihi, chuku, methali. Orodha hiyo ni sahihi. Tatizo ni kwamba akitoka darasani na kukutana na barua ya mwajiri, tangazo la mkopo au taarifa ya kamati ya shule, mara nyingi haoni hata moja kati ya mbinu hizo, naye huhitimisha kwamba hapo hakuna anayemshawishi. Dhana nyingi potofu kuhusu ushawishi zimetokana na kosa hilo la kutafuta mapambo mahali ambapo kazi yote imefanywa na kiambishi kimoja, yaani kipande kidogo kinachobandikwa kwenye neno.

Dhana: Anayetumia mbinu za kushawishi ana uongo anaouficha

Shutuma hii ni kongwe. Mwanafalsafa Aristotle, aliyefundisha Athens katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliijibu kwa kusema kwamba ufundi wa kusema unaweza kuleta madhara makubwa ukitumiwa vibaya, lakini ndivyo vilivyo karibu vitu vyote vyenye manufaa, kama vile nguvu, afya, mali na uongozi wa jeshi.

Sisi tunao mfano wa karibu zaidi. Tarehe 2 Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera, Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia taifa na kueleza kwamba Tanzania ilikuwa na sababu ya kumpiga mvamizi, ilikuwa na nia ya kumpiga na ilikuwa na uwezo wa kumpiga. Mambo matatu yaliyosemwa kwa muundo mmoja unaojirudia ni takriri safi, ambayo mwalimu yeyote wa fasihi angeipigia mstari. Hata hivyo uvamizi ulikuwa umetokea kweli, na ardhi ilikuwa imekaliwa kweli. Takriri haikuuzaa ukweli huo wala haikuuficha. Iliufanya ushikike kichwani, kiasi kwamba hata waliozaliwa miaka mingi baadaye huyataja maneno hayo matatu katika utani wa mpira. Kipimo cha haki, kwa hiyo, ni kuyavua maneno mapambo yake na kutazama kama chini yake limebaki jambo.

Dhana: Lugha ya kushawishi hujulikana kwa mapambo yake

Hapa ndipo penye kosa kubwa kuliko yote, na Kiswahili kinatufaa sana kulionyesha. Tuchukue vitenzi vyetu. Ukisema "mhasibu alivunja mkataba", mtendaji yuko wazi. Ukisema "mkataba ulivunjwa", mtendaji amefichwa, lakini bado msikilizaji ana haki ya kuuliza ulivunjwa na nani, kwa sababu kauli ya kutendwa imemwachia nafasi yake. Ukisema "mkataba ulivunjika", kwa kiambishi *-ik-*, nafasi hiyo imefungwa: Kiswahili sanifu hakina namna ya kusema "ulivunjika na mhasibu", na jambo lenyewe linaonekana kama mvua iliyonyesha. Kila mama anaujua mtego huu. Mtoto akija na habari kwamba kikombe kimevunjika, swali linalofuata ni moja tu, nalo ni kama kikombe kilijivunja chenyewe. Ajabu ni kwamba mama huyohuyo akisoma taarifa isemayo kwamba "makosa yalifanyika na fedha zikapotea", hutikisa kichwa kwa masikitiko na kufungua ukurasa unaofuata.

Kiambishi kingine cha kuchungwa ni *tu-* ya nafsi ya kwanza wingi. Kiswahili hakitofautishi "sisi" inayomjumuisha msikilizaji na "sisi" inayomwacha nje, na mwandishi hodari huvuka kutoka moja hadi nyingine katikati ya aya bila kugonga hodi. "Tumepitia hesabu zetu na kuona kwamba lazima tufunge mikanda." Waliopitia hesabu ni watu watano waliokaa mezani, watakaofunga mikanda ni mia tano wasiokuwapo. Msemo huo wa kufunga mikanda unakumbukwa sana Tanzania kwa sababu baada ya vita vya Kagera wananchi waliombwa kuifunga kwa miezi 18, na waliokuwapo watakueleza kwamba miezi hiyo ilirefuka mno. Sisemi kwamba ombi lile lilikuwa hila. Nasema kwamba *tu-* ilibeba mzigo mkubwa wa ombi hilo kuliko takwimu yoyote.

Kisha kuna tasfida, ambayo shuleni huelezwa kuwa ni adabu ya kutotaja mambo ya aibu hadharani. Ni kweli, lakini siku hizi makao yake makuu yamehamia ofisini. Bei haipandishwi, "inarekebishwa", na sijawahi kuona marekebisho yaliyoishusha yakitangazwa kwa neno hilo. Mzazi hatozwi, "anachangia", na mchango wenyewe huitwa wa hiari hadi siku mtoto anaporudishwa nyumbani. Neno "tatizo" nalo karibu litoweke katika taarifa rasmi, nafasi yake ikichukuliwa na "changamoto", ambayo hubeba ndani yake dokezo la kumchochea mtu ajitahidi zaidi. Mtaa wenye "changamoto ya maji" ni mtaa ambao maji hayatoki. Nimehariri taarifa za vikundi kwa miaka kadhaa, na nimeona kwamba kurudisha neno "tatizo" peke yake hutosha kuwafanya wajumbe waulize litatatuliwa lini.

Dhana: Methali ni ushahidi

Katika vikao vya ukoo methali hufunga mjadala, hasa ikitoka kinywani mwa mkubwa. Lakini methali zetu huja jozi jozi: anayetaka kuchelewesha jambo atasema haraka haraka haina baraka, na anayetaka kuliharakisha atasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Zote mbili ni hekima, na hakuna hata moja inayoeleza kama shamba hili liuzwe mwaka huu. Methali huipa hoja heshima ya wahenga. Hoja yenyewe bado inadaiwa.

Dhana: Maneno ni asilimia 7 tu ya ushawishi

Wakufunzi wengi wa semina hufundisha kwamba asilimia 55 ya ujumbe iko katika uso na mwili, asilimia 38 katika sauti, na asilimia 7 tu katika maneno. Tarakimu hizo zinatokana na majaribio mawili yaliyochapishwa mwaka 1967 na mwanasaikolojia Albert Mehrabian na wenzake nchini Marekani. Washiriki walisikilizishwa neno moja moja likitamkwa kwa namna tofauti, na katika jaribio mojawapo wakaonyeshwa pia picha za nyuso, ili wakisie kama msemaji anampenda au hampendi anayezungumza naye. Mehrabian mwenyewe amesisitiza kwamba matokeo hayo yanahusu mawasiliano ya hisia na mielekeo peke yake, si kila mazungumzo. Na akili ya kawaida ingetosha kulikataa dai hilo, kwa kuwa lingekuwa kweli, mtu asiyejua Kichina angeelewa sehemu kubwa ya hotuba ya Kichina kwa kumtazama msemaji. Hotuba ile ya Novemba 1978 iliwafikia wananchi walio wengi kupitia redio, kwani Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi miaka ya 1990, na sijasikia mtu akilalamika kwamba zaidi ya nusu ya ujumbe ilipotea njiani.

Dhana: Ukitaka watu watende, watie hofu

Mwaka 1965 Howard Leventhal na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Yale kuhusu chanjo ya pepopunda. Baadhi ya wanafunzi walipewa kijitabu cha kutisha, wengine cha maelezo ya upole zaidi. Waliotishwa waliogopa zaidi na wakasema wana nia ya kuchanjwa, ila linapohesabiwa tendo lenyewe hawakuwazidi wenzao kwa maana yoyote. Kilicholeta tofauti ni kitu kisichokuwa na mvuto wowote wa kifasihi: ramani ya chuo iliyoonyesha zahanati iko wapi, pamoja na saa za kwenda. Waliopata maelekezo hayo pamoja na onyo, karibu 28 kati ya kila 100 walichanjwa. Waliopata onyo tu ni kama 3. Ramani bila onyo nayo haikufua dafu. Waandishi wa mabango ya afya wanaochora mafuvu na kusahau kuandika kituo kiko wapi wangefaidika kwa kuusoma utafiti huu.

Dhana: Kutaja hoja ya upande wa pili ni kujidhoofisha

Jibu linategemea unazungumza na nani. Mwaka 1945, Ujerumani ikiwa inakaribia kushindwa, wanajeshi wa Marekani walisikilizishwa vipindi vya redio vilivyodai kwamba vita dhidi ya Japani vingeendelea kwa muda mrefu. Kipindi kimoja kilitoa hoja za upande mmoja, kingine kikakiri pia hoja za kinyume na kuzijibu. Carl Hovland na wenzake, walioeleza matokeo hayo mwaka 1949, waligundua kwamba waliokuwa tayari wanakubali walisogezwa zaidi na kipindi cha upande mmoja, ilhali waliokuwa wanapinga, pamoja na wenye elimu kubwa zaidi, walisogezwa zaidi na kile kilichowaheshimu kiasi cha kutaja hoja zao.

Dhana: Mimi nina elimu, sishawishiki

Mwaka 1983 mwanasosholojia W. Phillips Davison aliandika kuhusu tabia ya watu kuamini kwamba ujumbe wa vyombo vya habari huwaathiri wengine kuliko unavyowaathiri wao wenyewe. Kwa kuwa karibu kila mtu hujiweka kando hivyo, hesabu haiwezi kukubali. Lynn Hasher na wenzake walikuwa wameshaonyesha mwaka 1977 kwamba sentensi iliyosikika zaidi ya mara moja huonekana kuwa ya kweli zaidi, iwe ni ya kweli au la, na utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliongeza kwamba kulijua jibu sahihi hakumkingi mtu kikamilifu, kwa sababu wepesi wa kulipokea neno lililozoeleka hutangulia kazi ya kulipima.

Mimi mwenyewe niliisikia ile asilimia 7 ya maneno katika semina tatu, kutoka kwa wasemaji watatu tofauti, na mara ya nne aliyekuwa amesimama mbele ya ubao akiirudia nilikuwa mimi.